Mtu Wetu, Ilani au Rekodi? Mizani ya Sababu za Kumuunga Mkono Mgombea Urais Kenya

Chanzo cha mkanganyiko

Kila Mkenya anayetangaza mgombea wake wa urais huulizwa swali moja: kwa nini huyo? Miaka ya karibuni swali hilo limezidi kuwa gumu kujibu. Eneo la Mlima Kenya, lililochangia pakubwa kumwingiza William Ruto Ikulu mwaka 2022, ndilo leo lenye sauti nene ya "wantam", yaani rais ahudumu muhula mmoja aende nyumbani. Wafuasi wa Raila Odinga, waliompinga Ruto kufa kupona, waliwaona vigogo wa chama chake cha ODM wakiingia katika Baraza la Mawaziri mwaka 2024, na baadhi yao sasa huitikia "tutam", mihula miwili. Raila mwenyewe alifariki tarehe 15 Oktoba 2025, akawaacha mamilioni ya watu bila mgombea waliyemzoea. Vijiweni na ndani ya matatu watu wanadaiana maelezo: ulimpigia kura kwa nini, na umemwacha kwa nini?

Mabishano hayo hayaishi kwa kuwa mambo matatu huchanganywa. La kwanza ni kile kilichomsukuma mtu hadi akaweka alama kwenye karatasi ya kura. La pili ni maelezo anayoyatoa mbele ya watu. La tatu ni kama sababu yake ina uzito kwa mtu anayejali maslahi yake na ya nchi. Mpiga kura anaweza kusukumwa na hofu, akajieleza kwa ilani, na bado akawa na sababu nzuri ambayo hakuitaja. Uchambuzi huu unalenga zaidi hilo la tatu, ingawa haliwezi kufikiwa bila kupita katika mawili ya mwanzo.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Kisheria hakuna anayelazimika kujieleza. Kifungu cha 38 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia uhuru wa kufanya uamuzi wake wa kisiasa, na kura hupigwa kwa siri. Hata hivyo anayesimama jukwaani, mimbarini au kijiweni kuwavuta wengine upande wake ameiacha siri hiyo kwa hiari yake. Huyo anaweza kudaiwa hoja.

Usuli: kutoka kifungu 2A hadi asilimia 50 na kura moja

Kifungu 2A cha Katiba ya zamani, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilifutwa Desemba 1991. Mwaka mmoja baadaye Daniel arap Moi alishinda urais kwa takriban asilimia 36 ya kura, huku Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga wakigawana sehemu kubwa ya zilizobaki. Mwaka 1997 hali ilijirudia, Moi akipata asilimia 40 hivi. Wapinzani walikuwa wengi kuliko wafuasi wake mara zote mbili, lakini kila kundi lilimshikilia mtu wake.

Funzo hilo lilizaa muungano wa NARC. Mwaka 2002 Raila alitamka "Kibaki Tosha", jamii zenye historia tofauti zikajipanga nyuma ya mgombea mmoja, na Kibaki akamshinda Uhuru Kenyatta kwa asilimia 62 hivi dhidi ya 31. Wagombea wote wawili walikuwa Wakikuyu, kwa hivyo kabila la mgombea peke yake halikuweza kueleza matokeo. Miaka mitano baadaye muungano huo ulikuwa umevunjika. Uchaguzi wa Desemba 2007 uliishia kwenye machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao.

Katiba ya 2010 ilibadilisha hesabu. Kifungu cha 138 kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24. Hakuna jamii nchini inayoweza kufikisha idadi hiyo peke yake. Tangu hapo ushindi umekuwa mwembamba mara mbili: Uhuru alipata asilimia 50.07 mwaka 2013, na Ruto asilimia 50.49 mwaka 2022, akimzidi Raila kwa kura 233,211. Kati ya chaguzi hizo, Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya Agosti 2017 na kuagiza marudio. Urais unapoamuliwa kwa tofauti ndogo namna hiyo, sababu za kundi dogo tu la wapiga kura zinaweza kuigeuza nchi.

Hoja ya kwanza: "ni mtu wetu"

Hii ndiyo hoja inayodharauliwa zaidi hadharani na kutumiwa zaidi faraghani. Wasomi humwona anayeitoa kama mtu asiyefikiri. Dharau hiyo haina msingi wa kutosha, kwa sababu historia inampa ushahidi.

Utafiti wa wanauchumi uliochapishwa mwaka 2015 ulichunguza ujenzi wa barabara Kenya kati ya 1963 na 2011. Ulibaini kwamba wilaya zilizokuwa na watu wa kabila la rais zilipata fedha za barabara maradufu ya nyingine, na kilomita za lami mara tano. Mwananchi aliyeona lami ikikomea mpakani mwa wilaya ya rais hakuhitaji kusoma utafiti wowote. Pale serikali inapogawa keki kwa kuangalia ukoo, kumtafuta mwenye kisu aliye jamaa yako ni hesabu, hata kama ni hesabu chungu.

Utafiti huohuo uliona kwamba upendeleo huo wa barabara ulitoweka katika vipindi vya demokrasia. Utafiti mwingine, uliohusu elimu, ulikuta kwamba watoto waliokuwa wa umri wa shule wakati rais ni wa kabila lao walisoma zaidi, na kwamba ushindani wa vyama vingi haukupunguza pengo hilo. Kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba faida ya mtu wetu ipo katika baadhi ya mambo, haipo katika mengine, na inategemea taasisi zina nguvu kiasi gani ya kumzuia rais. Ugatuzi umeipunguza kidogo, kwa kuwa kaunti zote kwa pamoja zimehakikishiwa na Katiba angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, rais awe nani.

Upo pia upande wa hofu. Uchunguzi wa maoni uliofanywa wiki chache kabla ya uchaguzi wa 2007 ulionyesha kwamba Wakenya wengi hawakupenda kujitambulisha kwa kabila, lakini waliamini kwamba wenzao wangepiga kura kwa kabila. Kila upande ulijikinga dhidi ya mwingine. Kura ya namna hiyo si ya chuki. Ni ya tahadhari, na ndiyo sababu mahubiri ya umoja pekee hayaiondoi.

Udhaifu wa hoja hii ni mkubwa pia. Kwanza, haina tarehe ya kuisha: mgombea akiharibu bado ni mtu wetu. Pili, faida huishia kwa wachache. Serikali ya "nusu mkate" ya 2008, yaani ya mseto kati ya Kibaki na Raila, ilikuwa na mawaziri 40, na kila jamii kubwa ilikuwa na wake ndani, lakini mkulima wa kawaida hakupata wizara. Tatu, "wetu" ni mpaka unaohamishwa na wanasiasa. Wakikuyu na Wakalenjin waliokuwa pande mbili hasimu Bonde la Ufa mwaka 2008 walikuwa kambi moja mwaka 2013, na kufikia 2025 viongozi wao walikuwa wametengana tena.

Mwaka 2022 ndio mfano bora wa mipaka ya hoja hii. Kwa mara ya kwanza tangu 1992 hapakuwa na Mkikuyu miongoni mwa wagombea wakuu. Ruto alimchukua Rigathi Gachagua wa Nyeri awe mgombea mwenza, Raila akamchukua Martha Karua wa Kirinyaga. Rais Uhuru, aliyekuwa msemaji wa eneo hilo, aliwaomba watu wake wamchague Raila. Wengi wakamkatalia. Kabila lilikuwa pande zote mbili za mizani, kwa hiyo kilichoamua kilikuwa kitu kingine.

Hoja ya pili: rekodi

Kitu hicho, kwa maelezo ya wengi, kilikuwa maisha. Ugumu wa uchumi baada ya Covid, bei ya mbolea na hasira kwamba Uhuru alikuwa amewasahau wafanyabiashara wadogo viliifanya simulizi ya "hasla", mtu anayehangaikia riziki, na wilbaro la UDA, chama cha Ruto, ieleweke bila tafsiri. Hapo mpiga kura anatoa sababu ya rekodi: aliyekuwa madarakani amenifanyia nini, na anayemfuata atakuwa tofauti?

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inaweza kupimwa. Bei ya unga, karo, hali ya zahanati na idadi ya kazi ni mambo ambayo kila mtu anayaona nyumbani kwake. Pia humtia rais adabu, kwa kuwa anajua kwamba atahukumiwa kwa alichotenda. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Januari 2003 na kuingiza darasani zaidi ya watoto milioni moja wapya, ni sababu ambayo mfuasi wa Kibaki angeweza kuitoa popote bila aibu.

Hata hivyo rekodi ina mitego mitatu. Wa kwanza ni nani mwenye rekodi. Mwaka 2022 Ruto alikuwa amekaa afisi ya naibu wa rais kwa karibu miaka kumi, lakini alifanya kampeni kama mtu wa nje. Raila, aliyekuwa mpinzani kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, alibebeshwa lawama za serikali kwa sababu ya mapatano ya Machi 2018 kati yake na Uhuru. Wapiga kura waliotaka kuiadhibu serikali walimpa kura aliyekuwa ndani yake na kumnyima aliyekuwa nje. Haikuwa ujinga, kwani Uhuru alimtenga Ruto waziwazi. Inaonyesha tu kwamba rekodi hujadiliwa kama jambo jingine lolote.

Mtego wa pili ni kumbukumbu fupi. Tarehe 20 Julai 2022, wiki tatu kabla ya kura, serikali ilitangaza kushusha bei ya pakiti ya kilo mbili ya unga hadi shilingi 100 kwa muda. Ruzuku ya aina hiyo imelengwa kwa mtu anayepima miaka mitano kwa mwezi mmoja wa mwisho.

Mtego wa tatu ni kwamba uchumi mzuri hauwafikii wote. Mwaka 2007 uchumi ulikua kwa takriban asilimia 7, lakini matokeo rasmi yalimpa Kibaki asilimia 46 tu dhidi ya 44 za Raila, na ODM ikanyakua viti 99 vya ubunge dhidi ya 43 vya PNU ya Kibaki. Malalamiko yalikuwa juu ya mgawanyo: nani ananufaika na ukuaji huo?

Kwa uchaguzi wa 2027 rekodi ina kurasa mbili. Watetezi wa Ruto wataonyesha mbolea ya ruzuku iliyoshuka hadi shilingi 2,500 kwa mfuko, na shilingi iliyoimarika kutoka karibu 160 kwa dola hadi takriban 129. Wapinzani wataonyesha ushuru wa mafuta uliopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, makato ya nyumba ya asilimia 1.5, na makumi ya vijana waliouawa katika maandamano ya Juni 2024. Zote ni kweli. Mwenye kutumia hoja ya rekodi kwa uaminifu husoma kurasa zote mbili.

Hoja ya tatu: ilani na ahadi

Mgombea mpya hana rekodi ya urais, na hata mzee wa siasa anaweza kuja na mpango mpya. Kwa sababu hiyo wengine hujieleza kwa sera. Hoja hii ina heshima kubwa, na ndiyo inayomruhusu mtu wa Turkana na wa Kwale wakubaliane bila kujuana.

Tatizo ni kwamba ahadi nyingi hutolewa bila bei. Mwaka 2022 Azimio, muungano wa Raila, iliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa familia maskini milioni mbili. Hesabu ni rahisi: shilingi bilioni 12 kwa mwezi, bilioni 144 kwa mwaka. Swali la wapi zingetoka lilijibiwa kwa kusema kwamba wizi ungekomeshwa. Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, iliahidi mfuko wa shilingi bilioni 50 kwa mwaka kwa ajili ya biashara ndogo. Hustler Fund ilizinduliwa kweli tarehe 30 Novemba 2022, lakini kama mikopo midogo ya simu, na wengi walioomba mtaji walijikuta wakianza na mia tano au elfu moja. Ahadi ilitimizwa kwa jina, na ukubwa wake ukapungua.

Ahadi nyingine huwa haziambatani. Mtu hawezi kuahidi kupunguza madeni, kujenga nyumba, kupanua bima ya afya na kupunguza ushuru kwa wakati mmoja bila kitu kimoja kuvunjika. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa mahali ambapo ahadi hizo ziligongana. Wabunge 195 waliupitisha dhidi ya 106, vijana wakaingia Bungeni siku hiyohiyo, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Udhaifu mwingine ni kwamba ilani husomwa na wachache na kuhojiwa na wachache zaidi. Mwaka 2013 wagombea wote wanane walikutana katika mdahalo wa runinga. Mwaka 2022 Raila alisusia, Ruto akajibu maswali peke yake jukwaani, na wapiga kura wakakosa nafasi ya pekee ya kuzilinganisha ahadi uso kwa uso.

Hoja ya nne: tabia na uadilifu

Wapo wanaosema: sera zinabadilika, bali mtu ni yuleyule. Humchagua aliyefungwa kwa ajili ya demokrasia, asiye na kashfa, mcha Mungu au mwenye misimamo. Sura ya Sita ya Katiba inaunga mkono mtazamo huu, kwa kuwa inaufanya uadilifu kuwa sharti la uongozi.

Faida yake ni kwamba urais hukutana na mambo ambayo ilani haikuyatabiri: ugonjwa, ukame, uasi. Hapo tabia ndiyo hutawala. Hasara yake ni kwamba wapiga kura hawamjui mgombea. Wanaijua picha yake. Picha hununuliwa, hasa pale ambapo sheria ya kudhibiti fedha za kampeni imekuwapo tangu 2013 bila kutekelezwa ipasavyo. Michango makanisani na ujuzi wa kunukuu Biblia ni ushahidi dhaifu wa jinsi mtu atakavyosaini mkataba wa mkopo.

Uchaguzi wa 2013 ulionyesha pia kwamba hoja ya uadilifu hushindwa na hoja ya "mtu wetu" zikikutana. Uhuru na Ruto walikuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Wapinzani walidhani hilo lingewazamisha. Kwa wafuasi wao mashtaka yakawa ushahidi kwamba watu wao wanaonewa, na wawili hao wakashinda. Mashtaka ya Uhuru yaliondolewa Desemba 2014 na kesi ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016, bila mahakama kuamua kama walikuwa na hatia au la.

Hoja ya tano: chama, muungano na hesabu za ushindi

Kundi la mwisho halimtazami mgombea kama mtu. Linatazama anakuja na nani, na kama anaweza kushinda. Katika mfumo wa asilimia 50 na kura moja, hili ni jambo la lazima. Mwaka 2022 George Wajackoyah alipata kura 61,969 na Waihiga Mwaure 31,987. Zingeungana zote na za Raila, bado Ruto angekuwa mbele. Anayemchagua mgombea mdogo kwa dhamiri ana haki yake, ila ajue kwamba anatuma ujumbe tu, hachagui rais.

Kura ya kumzuia mwingine nayo ni halali. Wengi waliompigia Ruto walikuwa wakimkataa Raila, na wengi waliompigia Raila walikuwa wakimkataa Ruto. Tatizo la kura hiyo ni kwamba anayenufaika nayo hana deni. Hakuahidi chochote zaidi ya kutokuwa yule mwingine.

Muungano una kasoro nyingine: mpiga kura hununua kifurushi kilichofungwa. Aliyempigia Ruto kwa sababu ya Gachagua alimwona Gachagua akiondolewa na Seneti kwenye unaibu wa rais Oktoba 2024. Aliyempigia Raila ili awe mpinzani wa kweli aliona mapatano ya Machi 2025 kati ya UDA na ODM. Vyama vya Kenya huundwa kwa ajili ya mtu na mara nyingi hufa naye au kabla yake, kwa hiyo sababu ya chama haina mahali imara pa kukanyaga.

Pamoja na hayo, mtindo wa suti, yaani kumchagua rais na wagombea wote wa chama chake hadi diwani, una gharama yake. Bunge lililojaa watu wa rais humrahisishia kutimiza ahadi, na humrahisishia pia kukwepa kuulizwa. Kura za Mswada wa Fedha wa 2024 ni kielelezo cha upande huo wa pili.

Tanzania: pale chama kinapozidi mtu

Kulinganisha na jirani kunasaidia kuona kwamba sababu hizi hazitokani na silika ya watu. Nchini Tanzania kabila halina uzito huo katika kura ya urais. Chama Cha Mapinduzi (CCM) kimekuwa na mizizi hadi kwenye shina, na kaulimbiu yake ya "mafiga matatu" ilimtaka mwananchi achague rais, mbunge na diwani wa chama kimoja. Hapo sababu kuu ni chama.

Mwaka 2015 sababu hiyo ilijaribiwa. Edward Lowassa, waziri mkuu aliyejiuzulu Februari 2008 kutokana na sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, alikosa uteuzi wa CCM na kuhamia Chadema, chama kilichokuwa kimemnyooshea kidole kwa miaka mingi. Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, ikamsimamisha. Waliomuunga mkono walitoa sababu ya hesabu: ndiye pekee angeweza kuing'oa CCM. Waliomkataa, akiwemo Dkt. Willibrod Slaa aliyejitoa, walitoa sababu ya uadilifu. CCM nayo ilimsimamisha John Magufuli, aliyejulikana kwa rekodi ya barabara, na akashinda kwa asilimia 58.46 dhidi ya 39.97. Lowassa alirudi CCM mwaka 2019. Upinzani uliweka hoja ya ushindi juu ya hoja ya kanuni, ukapata kura nyingi kuliko wakati wowote kabla ya hapo, na ukabaki na swali gumu juu ya kilichokuwa kimeutofautisha na chama tawala.

Mizani

Ili kuzipima hoja hizi tano bila kupendelea upande, maswali matatu yanatosha. Je, sababu inaweza kuthibitishwa? Je, kuna jambo ambalo mgombea akilifanya, sababu hiyo itakufa? Je, mtu wa jamii nyingine anaweza kuielewa na labda kuikubali?

Rekodi inapita yote matatu, mradi ihesabiwe kwa miaka mitano na si kwa mwezi wa mwisho. Ilani inapita la pili na la tatu, na hupita la kwanza pale tu inapoambatana na bei na chanzo cha fedha. Uadilifu unapita la tatu, lakini ushahidi wake ni mgumu kuupata. Unafaa zaidi kutumika kama chujio la kuwaondoa wasiofaa kuliko kama sababu ya kumchagua aliyebaki. Hesabu za ushindi hupita la kwanza, ila hazimdai mgombea chochote. "Mtu wetu" inaweza kuthibitishwa kwa kiasi, kama utafiti wa barabara ulivyoonyesha, lakini huanguka katika la pili na la tatu, maana haiishi na haiwezi kumshawishi jirani.

Mtetezi wa kambi ya kabila anaweza kupinga hivi: kura zikifungwa pamoja zina nguvu ya kujadiliana, zikitawanyika kwa sababu za mtu mmojammoja hazina bei. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini bei ya kambi hulipwa kwa msemaji wa kambi, na rais anayejua kwamba kura za eneo fulani ni zake hata akikosea hana sababu ya kulishughulikia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mlima Kenya yenyewe ni ushahidi: imetafutwa na kubembelezwa zaidi tangu ilipoonyesha kwamba inaweza kumwacha aliyeichukulia kuwa yake, Uhuru mwaka 2022 na Ruto baadaye. Nguvu ya kujadiliana imetokana na uwezo wa kuondoka.

Hapa pia lipo jibu la swali lililoleta mkanganyiko. Aliyempigia Ruto 2022 kwa sababu ya maisha kuwa magumu, kisha akampinga kwa sababu ya ushuru, hajajipinga. Sababu yake ni ileile na hali ndiyo iliyobadilika. Aliyempigia kwa sababu ya mtu aliyekuwa pembeni yake, akamwacha Ruto mtu huyo alipoondolewa, naye hajabadilika, lakini sababu yake ilikuwa ya kambi tangu mwanzo. Matendo ya wawili hao yanafanana kwa nje. Tofauti yao itaonekana 2027: wa kwanza anaweza kurudishwa kwa bei ya unga na kodi, wa pili atarudishwa kwa cheo cha mtu mwingine.

Kwa muhtasari

Sababu tano hutawala kura ya urais Kenya: kabila, rekodi, ilani, uadilifu na hesabu za ushindi. Kila moja ina chanzo kinachoeleweka, na hakuna iliyo ya upumbavu mtupu. Kabila lina nguvu pale taasisi zilipo dhaifu, kwa hivyo dawa yake ni taasisi na ugatuzi kuliko kukemea watu. Rekodi ndiyo yenye uzito zaidi kwa aliye madarakani, na ilani yenye bei ndiyo yenye uzito zaidi kwa mpinzani wake. Uadilifu uwe chujio la mwanzo. Hesabu za ushindi na "mtu wetu" ziwe za mwisho, za kuamua pale wagombea wawili wanapolingana katika mengine yote.

Mwenye kumuunga mkono mgombea yeyote katika uchaguzi ujao, awe wa wantam au wa tutam, aandike sababu yake leo, na chini yake aandike jambo ambalo likitokea ataiondoa kura yake. Akikosa la kuandika kwenye mstari wa pili, basi bado hana sababu. Ana upande tu.